Mikono Ishirini na Mitatu

Mshangano, Songea
2 Juni 1991

Mdogo wangu Aloyce,

Baridi ya mwaka huu imewahi. Ninaandika nimejifunga vitenge viwili na sweta la marehemu shemeji yako Osmund juu yake. Nakuambia hivyo ili mwandiko huu usikutie wasiwasi ukaona dada amezeeka. Mkono unatetemeka nusu kwa baridi na nusu kwa hasira, na baridi yenyewe itaisha Agosti.

Unajua nchi inaulizwa kama tubaki na chama kimoja au viwe vingi. Redio inatuambia kila siku kwamba Tume inazunguka na kila mwananchi ana haki ya kusema lake. Vizuri sana. Basi Jumatatu iliyopita kengele ikagongwa, tukaitwa uwanja wa mpira. Mkubwa mmoja wa huku, jina lake silitaji, akasimama akasema wageni watakuja siku si nyingi na hapendi watukute tunajikanyaga maneno, kwa hiyo tufanye mazoezi. Mazoezi ya maoni, Aloyce. Nimefundisha miaka ishirini na mbili, nimefanyisha watoto mazoezi ya hesabu na ya viungo, ya maoni sijapata kuyaona.

Akasema, "Wanaotaka chama chetu kiendelee, mikono juu." Mabalozi wa nyumba kumi walikuwa wamesimama mbele, kila mmoja anatazama nyumba zake. Mikono ikapanda. Mama mmoja pembeni yangu alikuwa anasinzia, mwenzake akamgusa kiwiko, akanyoosha kabla hajafumbua macho. Kisha yule mkubwa akasema asanteni, tawanyikeni. Nikasimama nikamwuliza, "Na wasiotaka?" Akanijibu, "Mwalimu, umewaona?" Watu wakacheka. Nilirudi nyumbani nikaivunja sufuria ya ugali mpini kwa kuisugua.

Mimi mkono wangu ulibaki mapajani. Usinichimbe ningeunyoosha kwa lipi, maana haki ya kulificha hilo ndiyo ninayoidai.

Mwaka jana kwenye uchaguzi nilikuwa msimamizi msaidizi wa kituo. Karatasi ya Rais ilikuwa na picha yake upande mmoja na kivuli cha kumkataa upande wa pili, na wewe ulizoea kunitania kwamba mtu anashindana na kivuli na bado anafanya kampeni. Cheka tu. Lakini nilikaa pale kutwa na nikaona jambo. Mtu akitoka nyuma ya pazia anatembea vingine. Bibi Kunegunda, ambaye kwenye foleni alikuwa anamwomba radhi kila aliyemkanyaga yeye, alitoka nyuma ya lile blanketi tulilofanya pazia kidevu juu, akapita mbele ya mumewe bila kumtazama. Alichotia humo hakuna anayekijua mpaka leo. Kilikuwa chake.

Kwa hiyo nimeandika maoni yangu, kurasa tatu, nimetia katika bahasha nyeupe na kuifunga. Nataka nchi nzima iulizwe kwa kura ya maoni, kwa karatasi na pazia, mke mbali na mume, mwalimu mbali na mkuu wake, na raia mbali na balozi wake. Bahasha hiyo inakuja kwa mkono wa shemeji Egidi, anayekuja Dar kutibiwa jicho. Ndiyo, Egidi Ponera huyuhuyu, mdogo wake Osmund, balozi wetu wa nyumba kumi na mwenyekiti wa Jumuiya yetu ya kanisani. Nilimwambia kilichomo. Akaigeuza mara mbili, akasema, "Shemeji, haikuandikwa kwangu," akaiweka mfuko wa ndani wa koti. Akikupa, nakuomba uipeleke ofisi ya Tume wewe mwenyewe kwa mguu wako. Barua hii ya kawaida naitanguliza posta.

Ndoa ya binti yangu Benigna ni tarehe 12 Oktoba. Egidi ndiye atakayemshika mkono kumpeleka altareni, mahali pa baba yake. Mtoto ameshaanza kulia na hata gauni halijashonwa. Usikose kuja, mjomba ni wewe peke yako.

Dada yako,
Severina Mbawala


Keko, Dar es Salaam
29 Juni 1991

Dada, shikamoo.

Shemeji Egidi alifika salama na kuondoka salama. Alikaa kwangu siku nne. Hospitali wamempa dawa ya matone na kumwambia apumzishe jicho, naye kutwa alikuwa analitumia kushangaa mitumba na magari. Unga wa ulezi na maharage tumepokea, mke wangu anashukuru sana. Watoto hapa walikuwa wamesahau kwamba maharage yana ladha.

Barua yako ya posta ilinifikia siku mbili baada ya shemeji kuondoka. Hiyo bahasha nyeupe uliyoitaja, dada, sikuiona. Alinipa mzigo wa chakula na salamu. Labda aliisahau, mgonjwa ana mengi.

Kama unaniruhusu kusema, labda pia ni heri. Huku kazini mambo si mazuri. Kila kitu ni ruksa siku hizi, bidhaa zinaingia kutoka nje, na shirika letu haliuzi. Wanasema majina yatapunguzwa, na anayepanga majina ndiye katibu wa tawi la chama hapa kazini. Jina la Mbawala si la watu wengi Dar es Salaam. Sisemi kitu, nasema tu kwamba wakati mwingine mtu hunyamaza akaishi.

Msalimie Benigna. Mwambie asilie mapema.

Mdogo wako,
Aloyce


Mshangano
21 Julai 1991

Aloyce,

"Mtu hunyamaza akaishi." Nimelisoma hilo neno mara tatu nikitafuta ndugu yangu ndani yake. Mama alipofariki ulikuwa na miaka sita na nilikubeba mgongoni kutoka Mpitimbi mpaka mjini ili uandikwe shule. Sikumbuki kukufundisha kunyamaza. Lakini ugomvi wangu wa leo si na wewe, wewe uko mbali na una watoto.

Ugomvi wangu ni na Egidi. Nilimwendea jioni ileile niliyopata barua yako. Nikamwuliza bahasha iko wapi. Akasema, "Nilimpa Aloyce mkononi." Nikampa barua yako aisome. Alisoma taratibu kwa lile jicho moja, akaikunja, akanirudishia. Akasema tena, "Nilimpa mkononi," basi. Mtu mwenye haki angepiga kelele, Aloyce. Angeapa. Yeye aliniuliza kama nimekula.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilimwamini kwa sababu ni damu ya Osmund, nikasahau kwamba ni balozi. Uwanjani walituchukulia mikono, na barua pia wakaichukua. Na sasa sina pa kuipeleka tena, maana wiki ambayo wageni wa Tume walikuja mjini kusikiliza watu, mimi nilikuwa kitandani na malaria, siwezi hata kushika kikombe. Kurasa tatu, niliandika usiku wa siku tano. Sikubaki na nakala.

Sikukubali yaishe hivihivi. Jumapili iliyofuata Jumuiya ilikaa kwangu, nikawaeleza wote kabla ya sala ya kufunga. Nikasema mtu anayemeza maneno ya mjane hawezi kutuongozea rozari. Katekista Kajetani akataka tuliombee jambo kwanza. Nikamwambia tumeomba vya kutosha, tupige kura. Na kwa kuwa mimi ni katibu, nilihesabu mwenyewe, mbele ya Egidi, ili aone. Mikono ishirini na mitatu, Aloyce. Wote, hata Bibi Kunegunda, hata Benigna, ingawa huyo alinyoosha huku analia. Egidi akaniletea daftari la Jumuiya na ule msalaba mdogo wa mbao, akaviweka mezani, akatoka.

Altareni Benigna atapelekwa na Kajetani. Nimeshamwambia Egidi asijisumbue.

Sitakuficha kwamba nimelala vizuri tangu siku hiyo. Nchi hainisikilizi, lakini kwangu nimesikilizwa.

Dada yako,
Severina


Mshangano
4 Agosti 1991

Kwa shemeji Aloyce Mbawala,

Salaam. Mimi si mwandishi, utanisamehe.

Bahasha nyeupe nilikupa jioni niliyofika, mkeo alikuwa anakaanga samaki. Uliitazama anwani, ukaniuliza kama kuna mtu mwingine aliyeiona. Nikakujibu hakuna. Ukaitia chini ya godoro la mtoto. Hayo nayakumbuka, jicho lililouma ni la kushoto.

Huku wamesema nimeimeza. Jumuiya wamenivua uenyekiti. Mimi nimewajibu mara mbili kwamba nilikupa, na sitawajibu mara ya tatu, kwa sababu nikizidi kusema itabidi niseme kwamba ndugu pekee wa shemeji Severina ni mwongo. Shemeji ana watu wangapi? Osmund hayupo. Benigna anaondoka. Anabaki na wewe.

Na mimi ni balozi. Wakijua nilisafiri na barua ya namna ile kifuani, wenzangu wa chama wataniuliza ilikuwa kwangu inatafuta nini. Hilo nalo nimelinyamazia.

Siombi uenyekiti. Mtoto wa kaka yangu anaolewa tarehe 12 Oktoba. Nilimwahidi kaka kabla hajafa kwamba nitamshika mkono. Tafadhali mwandikie dada yako mistari miwili kabla ya siku hiyo.

Ni mimi,
Egidi Ponera


Keko, Dar es Salaam
15 Septemba 1991

Dada, shikamoo.

Nisamehe kwa kukaa kimya. Mtoto wa pili alikuwa na surua, halafu kazini hatulali, tunahesabu vitu vilivyomo ghalani tangu asubuhi hadi jioni kwa ajili ya hao wanaosema watalinunua shirika.

Nimesikitika kusikia habari za Jumuiya. Nakuomba usimkaze sana shemeji. Safari ile ni ndefu, mtu anashuka Makambako, anapanda gari lingine, koti analivua, analivaa. Bahasha ni karatasi tu, inaweza kudondoka popote. Kwa nini tusiseme ilidondoka? Mrudishie heshima yake, hata ya harusi tu. Yeye ndiye baba mdogo.

Mimi sitaweza kuja. Ruhusa hazitolewi, na anayeomba ruhusa wakati huu ni kama anaomba jina lake liandikwe. Nimetuma vitenge viwili vya mama wa bibi harusi kwa basi la Ijumaa, viulizie kwa wakala.

Nchi itapata inachopata, dada, hata bila kura zetu. Benigna haolewi mara mbili.

Mdogo wako,
Aloyce


Mshangano
20 Oktoba 1991

Aloyce,

Vitenge vimefika, nilivaa kimoja. Harusi ilikuwa nzuri na mvua ikangoja mpaka watu wamekula. Bwana harusi ni mkimya, wa Mbinga, familia ina kahawa na heshima. Kajetani alimpeleka mtoto altareni kwa kuchechemea, viatu vyake vipya vilimbana.

Egidi alikuja. Hakuingia. Alisimama ng'ambo ya barabara amevaa lile koti, baiskeli yake imeegemea ukuta. Tulipotoka na vigelegele alivua kofia. Benigna alimwona, akataka kwenda, nikamshika mkono nikamwambia atachafua gauni. Tulimpita.

Unaniandikia nimrudishie heshima, kisha unaniandikia kwamba nchi itapata inachopata bila kura zetu. Hayo ni maneno yanayotoka mdomo mmoja. Heshima ya mtu ni kuulizwa, na mimi sikuulizwa. "Tuseme ilidondoka." Wewe hukuwa hivi. Ukiwa mtoto ulikula sukari yangu ukaja mwenyewe kuniambia, midomo bado ina chembe.

Nasikia mjini kwamba wengi wamesema kibaki chama kimoja. Nashangaa nani amewahesabu, na kwa kidole gani. Sitaacha kuudhika na jambo hili mpaka nizikwe, na hata hapo mtatoboa sanduku nipate hewa ya kulalamikia.

Severina


Keko, Dar es Salaam
8 Machi 1992

Dada yangu, shikamoo.

Kaa chini kabla hujasoma.

Umesikia redio. Vyama vitakuwa vingi. Walioulizwa, wengi kabisa walisema kimoja, na bado vitakuwa vingi, na kura ya maoni haitakuwepo, wakubwa wameona inatosha. Watu hapa Keko wameshangilia, wengine wamenuna, na mimi nilikaa mlangoni nikawa siwezi kufanya lolote kati ya hayo mawili.

Jina langu lilitokea kwenye orodha ya wanaopunguzwa mwezi wa kwanza. Tulikuwa mia na arobaini. Yule katibu wa tawi aliyekuwa anapanga majina na lake limo. Nilimkuta getini ameshika kikombe chake cha chai, ameking'oa na kamba yake kutoka msumarini, hajui akipeleke wapi.

Dada, bahasha yako nilipewa. Shemeji Egidi alinipa jioni ya kwanza, kama alivyosema. Niliificha chini ya godoro, halafu nikaihamishia juu ya kabati, halafu ndani ya gunia la unga. Nilikuwa naogopa. Nilikujua ulivyo, na nikajua kilichomo bila kuifungua, kwamba umewararua, umetaka vyama vingi na umetaja watu kwa majina. Nikaona jina letu likisomwa pale, kisha likisomwa kazini. Nikajiambia namlinda dada. Kweli nilijilinda mimi, na hata hilo sikuliweza.

Shemeji aliniandikia mwezi wa nane kuniomba niseme kabla ya harusi. Sikumjibu. Naweka barua yake humu uisome mwenyewe, na bahasha yako naweka pia. Sikuifungua, tazama gundi.

Najua sistahili kuomba kitu. Lakini nyumba hii ni ya shirika, wametupa hadi mwisho wa mwezi wa tano. Naomba ukoo unikubalie nirudi Mpitimbi, nilime kipande cha baba, mimi na mke wangu na watoto. Useme neno kwa ajili yangu kama utaweza.

Mdogo wako,
Aloyce


Mshangano
26 Aprili 1992

Aloyce,

Nimekaa chini kama ulivyoniagiza, na nimekaa wiki sita. Kwaresima karibu yote imepita juu ya barua yako. Kila nilipochukua kalamu niliona nitaandika mambo ambayo dada hamwandikii aliyembeba mgongoni. Leo nimeona niyaandike tu machache, yaliyobaki utayakuta usoni pangu.

Kwanza bahasha. Nilikwenda nayo kwa Egidi siku ileile, na barua yake mkononi. Alikuwa anapukuchua mahindi. Nilipiga magoti kwenye maganda, yeye akaona aibu akaniambia niinuke, nitachafua kitenge. Neno lile la kuchafua nguo lilinichoma, ingawa yeye hakujua. Nikamwomba aifungue bahasha yeye, nikamsomea kwa sauti. Na wewe nakunakilia mwanzo wake, kwa kuwa uliulinda miezi tisa bila kuujua:

"Mimi Severina Mbawala, mwalimu wa shule ya msingi, mjane, wa Mshangano. Nasema mapema ili nisidhaniwe vibaya. Nikiulizwa nyuma ya pazia, nitachagua chama kimoja kiendelee. Kilinisomesha nikiwa yatima na kikanipa chaki mkononi. Lakini ndiyo yangu ni mali yangu. Ndiyo inayochukuliwa mbele ya macho ya balozi si ndiyo, ni kutii. Naomba tupigiwe kura ya maoni, nchi nzima, kwa siri, hata kama nitashindwa. Nikishindwa kwa haki nitalima na walioshinda."

Umesoma? Barua uliyoifukia kwenye unga ungeweza kuipeleka kwa yule katibu wa tawi lako mwenyewe, angekumiminia chai katika kile kikombe chake. Hukuifungua. Ulijua kilichomo. Mimi ni dada yako, umekula mkononi mwangu, na ulinipigia kura kichwani mwako bila kuniuliza, kisha ukaifungia. Yule mkubwa wa uwanja wa mpira alinichukulia mkono mmoja. Wewe ulinichukua nzima. Naandika haya kwa hasira na sitaki uyasome kama mtu anayesamehe.

Nikamwuliza Egidi yeye angepiga ipi, kimoja au vingi. Tulikuwa wawili tu na mahindi. Akafikiri, akaniambia. Alichoniambia sitakiandika hapa wala popote. Nakuambia tu kwamba hata yeye nilikuwa simjui, na tumeishi uzio mmoja miaka kumi na minane.

Sasa langu, maana nyani haoni kundule na mimi nimekaa nalo muda mrefu. Nilikwenda kumwomba radhi Bibi Kunegunda kwa kumwingiza katika aibu ile ya Egidi. Akaniambia, "Mwalimu, mimi sikuwa namwona Egidi ana kosa. Nilinyoosha kwa sababu ulikuwa unahesabu kwa kidole, na kidole kilikuwa kinakuja kwangu." Nikamwuliza na wengine je. Akasema, "Waulize wao. Lakini usiwaulize umesimama."

Kwa hiyo yote niliyoyalaani pale uwanjani nilikuja kuyafanya sebuleni kwangu, chini ya picha ya Mama Maria. Niliandika kurasa tatu nikidai pazia, na mwezi mmoja baadaye nikapata nafasi ya kupigisha kura ya watu ishirini na watatu, na pazia halikunipitia hata akilini. Nilihesabu mikono na nikalala vizuri. Nilikwambia hivyo, nenda ukaitafute barua ile.

Wiki ya Pasaka Jumuiya ilikaa tena kwangu. Nilisimama nikasema nilimsingizia Egidi, nikasema ni ndugu yangu aliyeificha bahasha, nikakutaja jina. Kajetani, mwema yule, akasema basi yamekwisha, wanaotaka Egidi arudi wanyooshe mikono. Nikamwambia hapana. Nilikuwa nimetundika kitenge kwenye mlango wa chumba cha Benigna, ndani nimeweka mtungi, na kila mtu nikampa punje mbili, hindi moja na haragwe moja. Hindi arudi, haragwe asirudi, punje inayobaki mtu aende nayo kwao akaile. Egidi alingoja nje kwenye baiskeli. Safari hii tulikuwa ishirini na wawili, kwa kuwa Benigna sasa ni wa Jumuiya ya Mbinga. Walichukua muda, Aloyce. Mzee mmoja alikaa nyuma ya kitenge mpaka tukadhani amelala.

Mtungi alimimina Kunegunda. Mahindi kumi na tisa, maharage matatu. Watu watatu, hata baada ya kusikia yote, hawamtaki, kwa sababu zao. Jumapili nakaa nao benchi moja na siwajui. Mwanzoni nilitaka kuwajua, nakiri, nikawa nawatazama watu mikono wakati wa kutakiana amani. Nimeacha. Egidi alipoambiwa idadi alisema, "Watatu si wengi," akachukua daftari na msalaba wake. Nilipomtazama sana akaongeza, "Shemeji, wale kumi na tisa ndio walionitisha. Mwaka jana walikuwa wapi?" Nilimpikia chai.

Lakini harusi hairudiwi. Benigna alikuja Pasaka na mumewe, akaenda kwa baba yake mdogo, akamshika mkono, wakatembea kutoka mlangoni kwake hadi barabarani na kurudi. Nilikuwa natazama kwenye upenu. Hilo ndilo ulilolianza kuliharibu na mimi nikalimalizia, na hakuna redio itakayolitangaza.

Kuhusu nchi, wamefanya walichofanya. Nilikuwa upande wa wengi na wengi tukashindwa, na waliotaka vingi wakapata, na hakuna kati yetu aliyeulizwa sawasawa. Hata waliopata nawaonea huruma, wamepewa kama mtoto anavyopewa pipi ili anyamaze. Watoto wa darasa la saba wananiuliza, mwalimu, kumbe maoni ni ya nini. Nawafundisha hesabu.

Sasa ombi lako. Ukoo utakaa Mpitimbi Jumamosi ya tarehe 16 Mei, wakubwa wote watakuwepo, na kipande cha baba ndicho jambo la kwanza. Baba mkubwa alitaka kulimaliza kwa neno lake, kama desturi, na neno lake lilikuwa hapana. Wengine wakaniambia, wewe sema tu, tutakufuata. Nimekataa yote mawili. Nimewaambia kitenge ninacho na mtungi ninao. Wamenuna, wamesema Severina ameingiwa na wazimu wa vyama vingi, lakini wamekubali.

Njoo siku hiyo, na mkeo na watoto. Uje useme mwenyewe mbele yao ulichofanya, kwa mdomo, usiandike. Umshikie Egidi miguu, nimemwomba naye aje. Halafu utangoja nje kama alivyongoja yeye, na sisi tutaingia mmoja mmoja.

Nami nitaingia. Nina hindi moja na haragwe moja kama kila mtu, na nitakayotia mtungini sitakuambia kamwe.

Dada yako,
Severina